Bili za Nyumbani Zinapatanika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo watu wananirudia nayo kila nikianza kuongelea bili, wengine ndugu zangu, wengine hata siwafahamu. Nimeyapanga toka ya mwanzo kabisa mpaka yale yanayoumiza kichwa, na kila moja lina namba, kwa hiyo nikisema "angalia la 6" we panda au shuka huko, sitarudia. Sina kampuni ninayoipigia debe hapa. Nimeandika kwa sababu nimeona kwa macho yangu kwamba anayelipa kubwa kuliko wote karibu kila mara ndo yule mpole asiyeuliza, na hiyo inaniuma.

## MISINGI

1. Hivi kweli bili inaweza kupunguzwa? Si bei ni bei?

Sokoni kila mtu anajua bei ya kwanza kutajwa sio ya mwisho, muuzaji mwenyewe anaitaja akiwa ameshaacha nafasi ya kushuka. Bili nyingi za kila mwezi ziko hivyo hivyo, ila kwa kuwa zinakuja na nembo na namba ya mteja na tarehe ya mwisho kwa wino mwekundu, tunazipokea kama hukumu. Tunalipa, tunanung'unika, basi.

Ukweli ni kwamba kwenye intaneti, simu, bima, runinga ya kulipia, jim, riba ya mkopo na hata baadhi ya makato ya benki, kampuni ina bei ya kwenye tangazo na ina bei ya chini ambayo mhudumu ameruhusiwa kuifikia. Hatakufikisha huko kama hujaomba.

2. Bili zipi zinapatanika na zipi nisihangaike nazo?

Jiulize swali moja tu: nikichoka na hawa leo, naweza kwenda kwa mwingine? Kama ndio, inapatanika. Kama hapana, basi mara nyingi bei imepangwa na mamlaka na mhudumu hata akikuonea huruma vipi hana mahali pa kubonyeza ikashuka. Maji karibu kila mahali yako hivyo, na umeme kwenye nchi nyingi, na kodi za serikali. Hizo zina njia zake nyingine, angalia la 16.

3. Kwa nini mteja mpya apewe bei nzuri kuliko mimi niliyekaa nao miaka?

Hili ndo swali linalowakasirisha watu kuliko yote na wana haki ya kukasirika. Mteja mpya anapewa bei nzuri kwa sababu bado anazunguka kulinganisha, na we uliyekaa hulinganishi tena. Kampuni inamvuta mtu kwa bei ambayo saa nyingine haiwapi hata faida, afu inategemea akishaingia atasahau. Mwaka wa pili wanapandisha kidogo, wa tatu kidogo, na we unaona "ah, kila kitu kimepanda". Piga hesabu: bili iliyoanza na 100 ikipanda asilimia 10 kila mwaka, baada ya miaka 5 iko 161. Hujaongeza chochote, huduma ni ile ile, na jirani yako aliyejiunga juzi analipa 100.

Na hii sio hisia zangu tu. Uingereza, Septemba 2018, shirika la Citizens Advice lilipeleka malalamiko rasmi kwa mamlaka ya ushindani kuhusu jambo hili hili, kwamba watu wanaadhibiwa kwa kuwa waaminifu, na wakataja masoko 5: simu za mkononi, intaneti ya nyumbani, bima ya nyumba, mikopo ya nyumba na akiba za benki. Kuanzia tarehe 1 Januari 2022 msimamizi wa huduma za fedha wa huko akakataza kampuni za bima za nyumba na za magari kumtoza anayehuisha bima zaidi ya ambavyo angetozwa kama angekuja leo kama mteja mpya. Ilibidi sheria iingilie, maana kampuni zenyewe zisingeacha.

Wanaoumia zaidi ni wazee, wagonjwa, na wale wanaofanya kazi mbili ambao hawana hata nusu saa ya kukaa kwenye foleni ya simu.

4. Sawa nimekuelewa, nianzie wapi?

Chukua stetimenti ya benki au ya pesa za simu ya miezi 3 na kalamu. Zungushia kila kitu kinachojirudia. Mi mara ya kwanza nilichora nyuma ya bahasha safu nne: natoa kwa nani, natoa kiasi gani, mkataba unaisha lini, nani mwingine anauza hiki kitu. Safu ya tatu ilibaki nyeupe karibu yote. Nilikuwa nalipa vitu saba na nilijua tarehe ya mwisho ya kimoja tu. Hapo nikaelewa kwa nini wananiweza.

Anza na bili ambayo ni kubwa afu ina wauzaji wengi. Kwa watu wengi hiyo ni bima au intaneti. Ushindi wa kwanza ukiwa mnono unapata nguvu ya kuendelea, ukianza na kale ka bili kadogo utachoka bure.

## KABLA HUJAPIGA SIMU

5. Kwa nini kila mtu anasema nijue kwanza natumia kiasi gani?

Kwa sababu bei nzuri kuliko zote ni ya kutolipia usichotumia. Unaweza kupatana vizuri sana ukapunguziwa kifurushi ambacho hata nusu yake hukigusi, bado umepoteza.

Intaneti: angalia spidi unayolipia. Video ya kawaida ya HD inakula kama megabiti 5 kwa sekunde, kwa hiyo nyumba ya watu wanne wakiangalia wote kwa pamoja iko kwenye 20, sasa mbona unalipia 300? Na usichanganye megabiti na megabaiti, megabaiti 1 ni megabiti 8, ndo maana faili linashuka "taratibu" kuliko ulivyoahidiwa. Saa nyingine tatizo sio spidi kabisa, ni ruta imefichwa nyuma ya kabati. Itoe hapo kwanza kabla hujakubali kifurushi kikubwa.

Umeme: yuniti 1 ni kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa 1. Kwa hiyo hita ya maji ya wati 3,000 inamaliza yuniti moja kwa dakika 20, na taa ya LED ya wati 10 inahitaji saa 100 kuimaliza hiyo hiyo yuniti. Nimewahi kukaa nyumba moja na mtu anazima taa kwa kelele kila chumba na hita imewaka toka alfajiri, tulikuwa tunagombana na taa.

Maji: usiku kabla ya kulala hakikisha hakuna bomba limefunguliwa, piga picha mita, asubuhi kabla mtu hajagusa maji piga tena. Namba zikiwa zimesogea kuna mahali panavuja, mara nyingi ni tangi la choo.

6. Nalinganishaje ofa bila kuingia mkenge?

Usiangalie bei ya mwezi wa kwanza. Angalia jumla ya mkataba mzima. "Punguzo la asilimia 20 kwa miezi 6!" linasikika tamu, ila kama mkataba ni wa miezi 24 na bei ni ile ile ya kawaida baada ya hapo, punguzo la kweli ni asilimia 5 tu. Chukua bei ya ofa zidisha kwa miezi yake, jumlisha bei ya kawaida kwa miezi iliyobaki, ongeza gharama za kufungiwa, kifaa, kuunganishiwa na kuvunja mkataba wa zamani kama upo, afu gawa kwa idadi ya miezi yote. Hiyo namba ndo bei. Kila ofa ifanyie hivyo hivyo kwenye karatasi moja, utashangaa ile yenye tangazo la kimya ndo ya bei rahisi.

Na linganisha kitu kile kile. Bima ya bei ya chini yenye mambo kumi yaliyotolewa sio bima ile ile, angalia la 15.

7. Tovuti za kulinganisha bei zinaaminika?

Zinasaidia lakini jua wanavyokula. Nyingi zinalipwa kamisheni na kampuni ukijiunga kupitia kwao, kwa hiyo ile iliyoandikwa "tunapendekeza" juu kabisa sio lazima iwe nzuri kwako, na kuna kampuni ambazo hazimo kabisa kwenye orodha. Tumia mbili au tatu, panga kwa bei ya jumla, afu nenda kwenye ukurasa wa kampuni yenyewe uangalie tena.

8. Wakati gani mzuri wa kupatana?

Mwezi mmoja au miwili kabla mkataba haujaisha. Ukiwa katikati ya mkataba huna nguvu, wanajua kuondoka kutakugharimu. Ukishaachia umeisha afu ukajirudia wenyewe, umeshawapa walichotaka.

Bima ina jambo lake la peke yake: omba bei wiki 3 hivi kabla ya tarehe. Kampuni nyingi zimeona kwamba anayekuja siku ya mwisho ndo mwenye ajali nyingi, kwa hiyo wa dakika za mwisho wanampandishia. Weka alamu kwenye simu ya kila mkataba leo, sio kesho.

Piga asubuhi katikati ya wiki kama unaweza. Foleni fupi, na mhudumu bado hajatukanwa na watu arobaini.

## KWENYE SIMU

9. Niseme nini hasa? Nipe maneno.

Naomba nikusimulie simu yangu moja ya intaneti ilivyokwenda, maana maneno matupu hayasaidii. Nilikaa mezani na karatasi: ninacholipa, bei ya mteja mpya wa kampuni hiyo hiyo, bei za kampuni nyingine mbili, tarehe ya mwisho ya mkataba. Akapokea kijana mmoja ana sauti nzuri tu.

"Habari za kazi kaka. Mkataba wangu unaisha tarehe 28. Nimeona mteja mpya mnampa spidi hii hii kwa robo tatu ya ninayolipa mimi, na kampuni nyingine wako chini zaidi. Nimekaa na nyie miaka minne sijawahi kuchelewesha malipo, na ningependa kubaki. Unaweza kunisaidiaje?"

"Pole dada, ile ofa ni ya wateja wapya tu."

"Naelewa kaka, najua sio we uliyeipanga. Naomba uniangalizie yangu."

Afu nikanyamaza. Namsikia anabonyeza kibodi, anasimama, anabonyeza tena. Kimya kile kilikuwa kizito, mdomo ulikuwa unaniwasha kusema "basi sio mbaya, acha tu". Sikusema. Akarudi: "Naweza kukupunguzia asilimia 10 dada."

"Asante sana, tumesogea. Ila wale wengine bado wako chini. Ukinifikisha kwenye ile bei ya mteja mpya namalizana na wewe sasa hivi, sizunguki tena."

Akaomba nisubiri, muziki ukapiga dakika nne hivi, akarudi na bei ya mteja mpya kwa miezi 12. Simu nzima dakika 19.

Angalia yaliyomo humo: tarehe, bei ya wengine kwa namba, historia yangu nzuri, nia ya kubaki, swali lililo wazi ambalo halijibiwi kwa ndio au hapana, na kimya. Kimya ndo kigumu kuliko vyote. Anayeongea kwanza baada ya kutaja bei ndo anayeshuka.

10. Mi naona aibu, sijui kubageini, sitaki kuonekana sina hela.

Nakuelewa kabisa, wengi wetu tumelelewa kuona kuomba kupunguziwa ni kujidhalilisha. Ila yule mhudumu anapokea simu kama yako siku nzima, kwake ni kazi ya kawaida, na kwenye kampuni kubwa kuna watu wameajiriwa kwa ajili hiyo tu, kuongea na wanaotaka kuondoka. Huombi sadaka. Unauliza bei.

Kama kuongea ni kugumu kabisa tumia chati ya kwenye programu yao au barua pepe. Ni taratibu kidogo na mara nyingine ofa inakuwa ndogo, lakini unapata muda wa kufikiri na kila kitu kimeandikwa. Andika maneno ya la 9 kwa namba zako.

Na kuwa mpole. Ukimfokea anafunga mlango kisheria kabisa, anakwambia "mfumo hauruhusu" na huna la kufanya.

11. Amesema hapana kabisa. Ndo mwisho?

Hapana ya mtu mmoja ni ya mtu mmoja. Mpokea simu wa kwanza mara nyingi hana ruhusa ya kupunguza, sio kwamba ana roho mbaya. Mwambie kwa adabu: "Naomba uniunganishe na wanaoshughulika na wateja wanaotaka kusitisha huduma." Kwenye simu zinazosema bonyeza moja bonyeza mbili, chagua "kusitisha" badala ya "bili", maana kule ndo wamekaa wenye ruhusa.

Wakikataa na hao, shukuru, kata simu, jaribu siku nyingine upate mtu mwingine. Mara mbili zikigonga mwamba basi imeshakuwa jibu, na hapo inabidi uhame kweli.

12. Nidanganye kwamba nimepata bei ya chini mahali? Au nitishie kuondoka wakati siondoki?

Usidanganye. Kwanza sio vizuri, pili wanazijua bei za washindani wao kuliko we, ukitaja namba ya kubuni anakuuliza "kifurushi gani hicho?" na umekwama. Tafuta ofa ya kweli, zipo.

Kuhusu kutishia, maoni yangu ni kwamba sema tu kitu ambacho uko tayari kukifanya. Mtu akikwambia "sawa, nikukatie lini?" na we ulikuwa unatania, utabaki unajiumauma. "Nafikiria kuhama" ni kauli ya kweli kama umeshalinganisha. "Nikatie sasa hivi" usiitamke kama nyumbani kuna mtu anafanya kazi kwa hiyo intaneti na mbadala hujauandaa.

13. Kila nikiomba punguzo wananiongezea vitu: chaneli, dakika, spidi. Nikubali?

Hiyo ni mbinu yao nzuri kwa sababu kukuongezea chaneli hakuwagharimu karibu kitu, kukupunguzia hela kunawagharimu. Jibu langu huwa: "Asante, ila ninachotafuta ni bili ishuke." Narudia hivyo hivyo hata mara tatu. Kubali tu kama kile kitu ungekinunua kwa hela yako hata wasingekutajia. Na uliza kinaisha lini, maana vingi ni vya bure miezi 3 afu vinaanza kulipiwa kimya kimya.

## BILI MOJA MOJA

14. Intaneti na simu

Hapa ndo rahisi kuliko kote. Nchi nyingi siku hizi unahama mtandao na namba yako ile ile, kwa hiyo ile hofu ya "watu watanipotezea" imeisha. Cha kuangalia sana ni mkataba uliokuja na simu ndani yake. Ukishamaliza kulipia kile kifaa, bili inatakiwa ishuke, na kampuni nyingine zinaendelea kukutoza kana kwamba bado unakilipia. Uliza kwa maneno haya haya: "Simu nimeshaimaliza kulipia? Sasa hivi nalipia nini?"

15. Bima

Bima inahitaji akili zaidi kwa sababu makosa yake huyaoni mpaka siku ya balaa.

Unaweza kushusha bei kwa kukubali kubeba sehemu kubwa kidogo ya hasara mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa, ila uwe kweli una hiyo hela mahali. Unaweza kulipa mwaka mzima mara moja kama una uwezo, maana kulipa kwa mwezi mara nyingi ni mkopo wenye riba umevaa nguo nyingine. Unaweza kuondoa vitu unavyolipia mara mbili, kama msaada wa gari barabarani ambao tayari unao kwenye akaunti ya benki.

Usichoruhusiwa kufanya ni kupunguza ukweli. Ukisema nyumba na vitu vina thamani nusu ya ilivyo ili bei ishuke, siku mtungi ukipasuka na jiko likaungua, kampuni nyingi zina kipengele kinachosema umekata bima ya nusu ya thamani basi wanakulipa nusu ya hasara, hata kama hasara yenyewe ni ndogo kuliko kiwango ulichokata. Na ukificha jambo waliloliuliza wanaweza wasikulipe kabisa. Punguza bei kwa kulinganisha, sio kwa kuficha.

16. Umeme na maji nina kampuni moja tu. Nakaa tu niangalie?

Kuna nchi ambazo mtu anachagua anayemuuzia umeme, kwenye Umoja wa Ulaya kwa mfano kaya za karibu nchi zote zilikuwa zimefunguliwa mlango huo kufikia Julai 2007, na huko pataneni na hameni kama kawaida. Kama kwako ni mmoja tu, kuna mambo manne ya kuangalia.

La kwanza, uko kwenye kundi sahihi la bei? Kampuni nyingi zina bei ya nyumbani na ya biashara, na ya watumiaji wadogo, na watu wanakaa kundi lisilo lao miaka kwa sababu aliyepanga kabla yao alikuwa na saluni. La pili, bili imesomwa au imekadiriwa? Kadirio huwa limeandikwa pembeni kwa herufi ndogo. Ukiliona, piga picha mita yako na tarehe, wapelekee. La tatu, uliza kama kuna bei ya chini ya usiku, usogeze kufua na hita huko. La nne ni matumizi yenyewe, angalia la 5.

17. Kodi ya nyumba nayo inapatanika?

Inapatanika, ila hapa unaongea na mtu, sio kampuni, kwa hiyo nenda kwa heshima. Mwenye nyumba anaogopa mambo mawili: nyumba kukaa tupu na mpangaji msumbufu. Nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja ameshapoteza sehemu ya 12 ya mwaka, zaidi ya asilimia 8. Ukimwomba akupunguzie 5 na unampa uhakika wa mwaka mzima, umempa biashara nzuri. Mwambie hivyo kwa upole kabla hajatangaza kupandisha. Akisema haiwezekani, omba basi asipandishe, au apake rangi, au atengeneze lile bomba.

18. Vile vihuduma vya kila mwezi vya kuangalia filamu, muziki, hifadhi ya picha?

Huku hupatani sana, huku unakata. Bonyeza "sitisha" kweli, nyingi zitakuletea ofa kabla hujamaliza hatua ya mwisho. Zisipoleta, kaa bila yake mwezi mmoja. Usipoikumbuka umepata jibu.

## BAADA YA KUKUBALIANA

19. Nimeahidiwa bei nzuri kwenye simu, bili imekuja kubwa vile vile!

Kabla hujakata simu mrudishie yote: "Kwa hiyo tumekubaliana bei hii, kwa miezi 12, kuanzia tarehe hii, hakuna gharama nyingine, ni kweli?" Omba jina lake, namba ya kumbukumbu ya mazungumzo, na atume meseji au barua pepe ukiwa bado hewani. Usikubali "itakuja baadaye". Ikiwa chati, piga skrinishoti.

Bili ya kwanza ikija soma mstari kwa mstari. Wakati mwingine ni kubwa kwa sababu wameunganisha siku za mkataba wa zamani na mwezi mpya, hilo ni halali. Kama sio hivyo, piga na ile namba ya kumbukumbu mkononi, inamaliza ubishi haraka sana. Wasiporekebisha, andika malalamiko rasmi kwao, afu ukikwama kabisa nenda kwa mamlaka inayosimamia sekta hiyo nchini kwako.

20. Nimesaini jana, leo nimepata bei nzuri zaidi. Nimeshaliwa?

Soma mkataba wako leo hii. Sehemu nyingi kuna siku za kujitoa bila faini kama ulinunua kwa simu au mtandaoni, Umoja wa Ulaya kwa mfano ni siku 14. Jitoe kwa maandishi. Jua tu kwamba kama uliomba huduma ianze mara moja, unaweza kudaiwa zile siku ulizotumia.

21. Mkataba unasema bei "inaweza kubadilika". Maana yake nini?

Maana yake bei uliyopatana inaweza isikae. Kabla ya kusaini uliza: itapanda lini, kwa kiasi gani, na ikipanda naruhusiwa kuondoka bila faini? Kama jibu ni asilimia fulani kutegemea mfumuko wa bei, hiyo ni bei usiyoijua. Uingereza toka tarehe 17 Januari 2025 kampuni za simu na intaneti haziruhusiwi tena kufanya hivyo kwenye mikataba mipya, lazima ongezeko liandikwe kwa kiasi cha pesa mwanzoni kabisa. Hata kama kwako hakuna sheria hiyo, we omba waandike hivyo.

## HALI NGUMU

22. Nina deni nao tayari. Ninaweza kupatana kweli?

Ndio, na piga kabla hawajakupigia. Hapa hupatani bei, unapatana mpango: kulipa kidogo kidogo, kusamehewa faini za kuchelewa, kushushwa kifurushi bila kuvunja mkataba. Sema kiasi unachoweza kweli kila mwezi, sio kile cha kumfurahisha, maana ukivunja mpango wa kwanza wa pili unakuwa mgumu. Kodi ya nyumba, umeme na chakula vitangulie, runinga isubiri. Na usichukue mkopo wa haraka wa kwenye simu kulipia bili, riba yake itakula zaidi ya hiyo faini.

23. Mama yangu mzee analipa hela nyingi, naweza kumpigia mimi?

Hawataongea na wewe bila ruhusa yake, na ni sawa. Kaa naye, weka spika, yeye aseme jina na athibitishe, afu aseme "naomba mwanangu aendelee". Mi nilifanya hivi na mama kwenye bima ya nyumba yake, alikuwa hajawahi kuuliza toka alipoikata, kila mwaka ilikuwa inajirudia na kupanda. Mhudumu akataja bei mpya, mama akaniangalia kama vile amesikia vibaya, akamwuliza mwenyewe: "Mwanangu, na ile miaka yote?" Ile miaka yote haikurudi. Omba pia aandikwe kwamba we una ruhusa ya kuongea kwa niaba yake siku zijazo, kampuni nyingi zina fomu hiyo.

24. Wamenipigia wao wenyewe, wanasema wana punguzo la nusu leo tu.

Kata. Hata kama sauti ni ya kiofisi na wanalijua jina lako. Afu piga namba iliyo kwenye bili yako, sio waliyokupa wao, uliza kama ofa hiyo ipo. Ikiwa ya kweli utaikuta. Neno la siri, namba iliyotumwa kwenye meseji, namba za kadi, hakuna anayezihitaji ili akupe punguzo.

25. Nimeshahama lakini kampuni ya zamani bado inanikata.

Mara nyingi ni kwa sababu mtu alihama bila kusitisha, akidhani kampuni mpya imemaliza kila kitu. Baadhi ya huduma kampuni mpya inakufanyia, nyingine hapana, uliza siku ya kujiunga. Tuma barua pepe ya kusitisha yenye tarehe, subiri uthibitisho, rudisha ruta yao na udai risiti ya kuirudisha, maana wanaitoza isiporudi. Ndo baada ya hapo uondoe idhini ya makato benki. Ukianza kwa kufunga makato kabla hujasitisha, kwao wewe ni mdaiwa, na deni linaendelea kukua kwa jina lako. Waliyokata baada ya tarehe ya kusitisha, dai kwa maandishi ukiambatanisha ule uthibitisho na stetimenti, mstari wenyewe umezungushiwa kalamu.